Daftari la Mume Wangu

Mume wangu ni fundi wa injini za boti. Alianza kazi hiyo kwenye mwalo wa Kibirizi, pale boti za ziwani zinapotia nanga, kabla hajanioa, na kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwona ameshika kalamu ila kwa kutia sahihi. Mwandishi wa nyumba yetu nilikuwa mimi.

Nasema mwandishi, ingawa neno lenyewe nililitumia kimoyomoyo tu. Kazi yangu ni ualimu wa shule ya msingi. Lakini tangu nilipokuwa chuo cha ualimu nimekuwa nikiandika hadithi na kuzituma Dar es Salaam kwa watu wanaochapisha vitabu, kwanza kwa bahasha, siku hizi kwa barua pepe. Wengi hawakujibu. Waliojibu walinishukuru na kunitakia heri. Hadithi moja fupi ya watoto ilitoka kwenye jarida lililokufa baada ya matoleo machache, na nakala yangu ililiwa na mchwa. Hata hivyo, kila siku baada ya sala ya alfajiri nilikaa mezani sebuleni na kuandika mpaka muda wa kuinjika chai. Niliandika nimekunja uso. Binti yetu, kabla hajaolewa, alizoea kuniuliza kama naumwa.

Siku moja mwanzoni mwa mvua, mafundi wanne walikuwa wakishusha injini kubwa kutoka kwenye boti ya abiria. Mmoja aliteleza kwenye matope, wengine wakashindwa uzito, na injini ikamwangukia mume wangu chini ya goti. Mifupa miwili ya mguu ilivunjika. Hospitali wakamfunga plasta kutoka kwenye paja hadi vidole, wakamwambia asikanyage chini kwa miezi mitatu.

Nyumba yetu iko mlimani kidogo, juu ya mwalo. Tulisogeza kitanda chake hadi dirishani ili aone ziwa. Wiki ya kwanza alihesabu mbao za dari na kugombana na redio. Wiki ya pili akaniomba daftari tupu. Nilikuwa na kaunta buku mpya niliyojiwekea kwa ajili ya riwaya ambayo nilikuwa naifikiria kwa muda mrefu. Nikampa hiyo, nikidhani atachora vyuma vyake.

Jioni yake nilirudi kutoka shuleni, nikamkorogea uji, na nilipokuwa ukumbini nikasikia mtu anacheka chumbani. Nikadhani ana mgeni. Nilipoingia alikuwa peke yake, ameegemea mito miwili, daftari juu ya plasta, anacheka hadi machozi. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, amekumbuka jambo tu, na akalifunga daftari taratibu kama mtu anayefunga mlango ili asimwamshe mtoto.

Siku zilizofuata niligundua anachofanya. Alikuwa analala pale na kusikiliza boti zikiingia na kutoka. Kila injini aliijua kwa mlio wake. Akisikia, anaandika. Baada ya siku chache aliniruhusu nisome kurasa za mwanzo, na mpaka leo baadhi ya mistari siwezi kuisahau. "Saa mbili asubuhi. Boti ya kwanza ya Kagunga inaondoka. Ina kikohozi, na nahodha anajifanya hasikii." Chini yake: "Ya pili imeondoka. Hii ni nzima, ila inaringa." Halafu mstari mmoja peke yake: "Mwalimu ameleta uji. Umepoa."

Mwalimu ndiyo jina analoniitia nyumbani. Nilipekua kurasa zote alizonipa nijitafute, na nilikuwemo mahali pamoja tu, na uji wangu uliopoa.

Nilifanya kile anachofanya mwalimu. Nikachukua kalamu nyekundu. Nikamwonyesha kwamba hapa sentensi haina kiima, hapa pameruka nukta, neno hili si la Kiswahili bali ni la Kiha. Alisikiliza kwa heshima zote, akasema asante, na kesho yake akaandika kurasa nyingine sita vilevile kama mwanzo. Ndipo kitu kilipoanza kuniuma. Mimi nilikuwa na miaka zaidi ya ishirini ya kuamka alfajiri na kukunja uso. Yeye alikuwa na wiki tatu, na alikuwa anacheka.

Ijumaa baada ya sala, wenzake wa mwaloni walikuja kumjulia hali. Manahodha, mafundi, wapakia mizigo, wote walijaa chumbani na wengine wakasimama dirishani kwa nje. Alianza kwa kuwasomea ukurasa mmoja ili kupoteza muda. Wakataka mwingine. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga samaki aina ya migebuka kwa mawese, nikisikia vicheko vinapanda, halafu kimya, halafu mtu mzima anapenga kamasi. Nilipoingia na sinia, mzee mmoja ambaye ndiye nahodha wa siku nyingi kuliko wote akanitazama, akasema, "Shemeji, kumbe mwandishi ni huyu. Sisi miaka yote tulidhani ni wewe."

Alisema kwa utani na wote wakacheka, hata mimi. Lakini nilirudi jikoni nikasimama mbele ya jiko la mkaa nikiwa sijui nilichofuata.

Wivu ni kitu cha aibu kukisema, hasa ukiwa umemwonea mtu aliyelala kitandani na mguu uliovunjika, ambaye unamsaidia hata kuoga. Nilijaribu kuupa majina mengine. Nilisema nimechoka. Nilisema nasikitika kwamba daftari langu zuri linajazwa mambo ya plagi na mafuta. Nikawa namletea uji ukiwa wa moto kabisa, unaounguza, na nasimama pale hadi anywe. Asubuhi nilikaa mezani kwangu na hakuna neno lililotoka, kwa sababu nilikuwa nategea sikio kuelekea chumbani nikisikiliza kama ameamka na kama anacheka.

Mwezi wa pili ulipokuwa unaisha, kaka yake alikuja na bajaji kumpeleka hospitali wakampige picha ya mfupa. Nilibaki nyumbani. Daftari lilikuwa chini ya mto. Sikuwa nimekatazwa kulisoma, lakini nilifunga mlango wa mbele kwa ndani kabla ya kulichukua, kwa hiyo nilijua ninachofanya.

Katikati nikakuta habari ndefu ambayo hakuwa amewasomea wenzake wala kunionyesha. Ilikuwa ya safari moja ya miaka mingi iliyopita, akitoka Kagunga, mpakani na Burundi, na boti iliyojaa abiria wa soko. Walipofika mahali ambapo milima inaingia ziwani na hakuna hata kijiji, pini inayoshika pangaboi linalosukuma boti ikakatika. Injini inanguruma lakini boti haisogei. Pini ya akiba hakuna. Upepo unawasukuma kwenye miamba. Mume wangu akazunguka botini akitafuta kipande chochote cha chuma chembamba, na akamwona mwanamke aliyekuwa anafuma kitambaa kwa sindano ya chuma, ile yenye kulabu nchani. Akamwomba. Akaikata kwa koleo, akaigonga mahali pa pini, na boti ikawafikisha Kibirizi.

Hiyo ndiyo habari. Lakini jinsi alivyomwandika yule mwanamke! Vidole vyake, virefu, na kidole cha shahada chenye sugu ya uzi. Kitambaa cheupe kikiwa nusu ua, na uzi uliobaki ukining'inia bila kitu cha kuushika, na yeye amekishika kitambaa kwa mikono miwili njia nzima ili kisifumuke. Mume wangu aliahidi kumtafutia sindano nyingine. Hakuitafuta. Aliandika kwamba kila akiona uzi mweupe anamkumbuka.

Nilisoma mara tatu. Kwa miaka yote hiyo tunakula pamoja, hakuwahi kuniambia habari ya mwanamke huyu. Na vidole vyangu, ambavyo vilimfulia na kumlisha, havikuwa na hata sentensi moja. Sikuweza kutofautisha kama namwonea wivu kwa sababu ya mwanamke au kwa sababu ya ukurasa. Nadhani vyote viwili vilikuwa vimeshikana.

Kuna redio moja ya hapa mkoani ambayo kila Jumamosi alasiri husoma visa vya wasikilizaji. Nilikuwa nimewatumia visa vitatu kwa nyakati tofauti na hawakusoma hata kimoja. Siku ile nilikaa mezani na kuandika habari ya sindano kwa mkupuo mmoja, bila kufuta, na huenda hata uso sikukunja. Niliisimulia kwa mdomo wa abiria. Mimi ndiye niliyekuwa nafuma. Mimi ndiye niliyeitoa sindano yangu, kwa tabasamu, nikasema chukua, roho za watu ni muhimu kuliko kitambaa. Nikaweka jina langu lote juu, nikaipiga picha kwa simu, nikaituma. Nilijiambia kwamba nimeibadilisha kiasi cha kuwa yangu. Waliporudi kutoka hospitali daftari lilikuwa chini ya mto kama lilivyokuwa, na habari njema ilikuwa kwamba mfupa unaunga vizuri.

Jumamosi mbili zikapita. Ya tatu nilikuwa uani nachambua mchanga kwenye dagaa, na yeye kitandani ana redio yake, sauti inatoka dirishani. Msichana wa redio akasalimia wasikilizaji, akataja jina langu, akataja Kibirizi. Nikaacha kuchambua. Alisoma vizuri, kwa utulivu, kila neno mahali pake. Nilikuwa nimetamani siku hiyo maisha yangu yote, na nilipoisikia niliomba umeme ukatike.

Kisa kilipokwisha, redio ikazimwa. Nikanawa mikono. Nikaingia chumbani kwa sababu kutoingia kungekuwa kubaya zaidi.

Alikuwa ametazama nje. "Kumbe ulikuwemo kwenye boti," alisema. "Mimi sikukuona."

Nikasema nimeibadilisha.

"Nimesikia," akasema.

Nilisubiri agombe. Hakugomba. Aliomba maji, nikampa, akanywa, akanirudishia kikombe. Kisha akalitoa daftari chini ya mto na kuliweka juu ya stuli upande wangu wa kitanda, na kalamu juu yake.

Nilivyokuwa nimevitamani kwa miaka vikaja vyote kwa wiki moja. Dada yangu alipiga simu kutoka Ujiji, kutoka nyumba ile ile ya mtaa wa Kasingirima tulikozaliwa, akasema majirani wamejaa kwake kumpongeza yeye kana kwamba ndiye aliyeandika. Sokoni mama muuza mawese alinisimamisha akaniuliza kama kitambaa nilikuja kukimaliza. Nikamjibu kwamba nilikimaliza. Jumatatu mwalimu mkuu aliwapanga wanafunzi uwanjani, akawaeleza kwamba shule yao ina mwandishi, wakapiga makofi ya kufuatana, matatu matatu, na mimi nikainamisha kichwa. Kila pongezi niliyopewa niliipokea. Sikukataa hata moja. Lakini zilipita kwangu zikielekea kwa mtu mwingine, na mimi nilikuwa nimesimama njiani.

Ijumaa wenzake wakaja. Yule nahodha mzee aliketi kwenye kiti karibu na kitanda, akanisifu, kisha akakunja uso kidogo kama mtu anayehesabu. Akasema siku ile usukani aliushika yeye, na yule mama wa sindano, kama kumbukumbu haimdanganyi, alikuwa mtu wa ng'ambo, wa Burundi. Akamgeukia mume wangu.

"Nilimsimulia nyumbani," mume wangu akasema. "Akaandika yeye. Wanaoandika huwa wanajiweka ndani."

Nahodha akaridhika. Wakaomba wasomewe kitu. Mume wangu akawaambia hana kipya, hajaandika wiki nzima, mguu unamwasha. Wakazungumza habari za bei ya mafuta ya boti, wakaondoka mapema.

Kama angenitangaza mbele yao ningeweza kumkasirikia, na hasira ingenisaidia. Lakini alinikinga. Siku zile chumba kilikuwa kimya kabisa. Boti zilipita chini, za kukohoa na za kuringa, na yeye alizisikiliza macho yakiwa juu darini. Nilikuwa nimemwonea wivu kwa kicheko chake, na sasa kicheko hakikuwepo kwake wala kwangu.

Nilivumilia mpaka Jumapili. Nilikuwa namkata kucha za vidole vilivyotokeza kwenye plasta, nimeinamisha uso, na nadhani nisingeweza kusema kama ningekuwa namtazama. Nikamwambia kwamba nilimwonea wivu.

Alishangaa kwa dhati. "Wivu wa nini? Mtu mwenyewe nimelala."

Nikamwambia kwamba anaandika na kucheka, na mimi naandika miaka yote na sijacheka hata siku moja. Nikamwambia na habari ya vidole vya yule mwanamke. Nikamwambia na ya uji.

Akaniambia kwamba alipokuwa anaandika hakusikia maumivu ya mguu. Hiyo ndiyo sababu pekee. Injini anazozisikia zilimjaa kichwani zikamsumbua, akiziandika zinatoka, anabaki mwepesi. Kuhusu kunitaja, alisema mimi simsumbui kichwani, kwa hiyo hakuwa na haja ya kunitoa. Sikujua kama hilo ni jambo zuri au baya, na mpaka leo sijalikatia shauri.

Halafu akasema, "Lakini yule mama umemkosea. Hakutoa kwa tabasamu. Nilimnyang'anya mkononi, watu wanapiga kelele, miamba hii hapa. Alininunia njia nzima. Ndiyo maana sijamsahau. Wewe umemfanya mwema, amekuwa kama watu wote wa kwenye hadithi zako."

Kucha iliyokuwa imebaki niliikata vibaya. Nilikuwa na barua kadhaa za watu wa Dar es Salaam waliojua kusoma kuliko mume wangu, na hakuna aliyewahi kuniambia hilo.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwa mwalimu mkuu kabla ya kengele, nikamweleza kwamba kisa si changu. Alinitazama, akasema mbona ni jambo la kifamilia, mke na mume ni kitu kimoja, na hakutaka kusikia zaidi. Niliwapigia watu wa redio. Yule msichana wa sauti nzuri alinisikiliza, akasema watarekebisha. Jumamosi iliyofuata, baina ya salamu na tangazo la magodoro, alisema kwa sentensi moja kwamba kisa cha sindano ni cha fundi wa Kibirizi na kiliandikwa upya na mkewe. Hakuna aliyenipigia simu kuhusu hilo. Sokoni mama wa mawese bado anamwambia kila mteja kwamba mimi ndiye wa kitambaa, na nimechoka kumkatalia.

Mume wangu aliandika tena, kurasa chache. Plasta ilipotolewa alitembea na gongo, kisha bila gongo, na siku aliyorudi mwaloni alirudi kabisa. Kaunta buku ilikaa dirishani wiki mbili. Siku moja nikamkuta amechana kurasa tupu za mwisho anafungia plagi zisiingie vumbi. Nikamuuliza haandiki tena. Akasema hana muda, na sasa yuko karibu na injini zenyewe. Alisema bila huzuni yoyote. Kurasa zilizoandikwa nilizichukua nikaziweka kabatini pamoja na vyeti vyangu.

Hapo wivu ulirudi upya, na huu ulikuwa mkali kuliko ule wa kwanza. Alikuwa amepewa kile ambacho mimi nimekililia tangu usichana, akakitumia miezi mitatu kutuliza mguu, kisha akakiweka chini kama mtu anayerudisha spana. Mimi siwezi kukiweka chini. Nimejaribu. Nilikaa mwezi mzima bila kuandika, nikawa mkali kwa wanafunzi na mzito kwa kila mtu, mpaka mume wangu mwenyewe akanisogezea kiti pale mezani.

Kwa hiyo naandika. Asubuhi moja niliandika habari ya harusi ya binti yetu, jinsi nilivyomnunia mama mkwe wangu kwa sababu alikalishwa kiti cha mbele kuliko mimi, na jinsi nilivyosema kichwa kinauma ili watu waje kunibembeleza. Kila ilipofika mahali pa kujifanya mwema nilikumbuka maneno ya mume wangu nikayaacha mambo yalivyokuwa. Nilipomaliza kulikuwa kumekucha kabisa na mabega yangu yalikuwa yamelegea. Nilijisikia kama nimetua mzigo wa kuni. Sikucheka, sitadanganya. Lakini kile kisa sijakituma popote, na haikunijia kukituma mpaka siku ya tatu, na hilo halijawahi kunitokea.

Juzi mwalimu mwenzangu, kijana anayefundisha darasa la nne ambaye hana hata miaka mitano kazini, alikuja ofisini na simu mkononi. Kitabu chake cha hadithi za watoto kimekubaliwa huko Dar es Salaam. Nilikuwa wa kwanza kumpa mkono. Nikamwambia hongera sana mwanangu, na sauti yangu ilitoka vizuri. Kisha nikaenda chooni nikafunga mlango, nikakaa humo mpaka kengele ya kipindi cha tano, roho inaniuma kama siku ile mbele ya jiko la mkaa. Jioni nilimsimulia mume wangu. Aliuliza kama kijana mwenyewe anaandika vizuri. Nikamwambia ndiyo, vizuri sana, na ndicho kinachoniudhi. Akasema basi niandike hilo.